SOMO LA WANACHAMA: MGOMBEA WA MARA SITA

Mafunzo ya uchaguzi kutokana na maisha ya Maalim Seif Sharif Hamad wa Mtambwe, Pemba

Shabaha ya somo. Mwisho wa somo hili wanachama waweze: (a) kueleza kwa ufupi maisha ya kisiasa ya Maalim Seif Sharif Hamad; (b) kulinganisha uchaguzi wa 1995 na ule wa 2010, na kutaja kilichoufanya mmoja ulete uhasama na mwingine ulete suluhu; (c) kutumia mafunzo hayo katika mkutano mkuu wa chama chao.

Katibu wa chama alisome somo hili mbele ya wanachama, sehemu moja baada ya nyingine, kisha atoe nafasi ya maswali. Asiligeuze kuwa mkutano wa siasa. Chama cha ushirika si tawi la chama chochote cha siasa, na kutofungamana na siasa wala dini kulitajwa miongoni mwa kanuni za ushirika zilizotolewa na Muungano wa Vyama vya Ushirika Duniani mwaka 1937. Hapa anasomwa mtu mmoja aliyeshiriki uchaguzi mara nyingi kuliko wengi, ili wanachama wajifunze namna kura inavyojenga na namna inavyobomoa.

1. Kwa nini wanaushirika wasome habari za uchaguzi

Kila mwanachama wa ushirika, awe na hisa moja au hisa hamsini, ana kura moja. Desturi hiyo ilisimamishwa na wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka lao mwaka 1844, nayo ndiyo inayotenganisha chama cha ushirika na kampuni ya mwenye mali. Lakini kura moja kwa kila mtu haitoshi peke yake. Penye kura pana mshindi, na penye mshindi pana aliyeshindwa. Chama kinachojua namna ya kumpata mshindi, lakini hakijui la kufanya na walioshindwa, kimejifunza nusu ya kazi.

Kisiwa cha Pemba kimelijua jambo hili kwa gharama kubwa, na ndiyo maana mfano wa somo hili umechukuliwa nyumbani.

2. Tangu Mtambwe hadi uwaziri kiongozi

Seif Sharif Hamad alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1943 Mtambwe, Wilaya ya Wete. Baada ya masomo ya Pemba alikwenda Unguja katika skuli ya sekondari ya King George VI. Alikuwa bado mwanafunzi ulipofanyika uchaguzi wa Julai 1963, ambao yafaa utajwe kwa kuwa una somo lake. Katika uchaguzi ule Afro-Shirazi Party ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, kiasi cha asilimia 54, lakini ilipata viti 13 tu kati ya 31. Viti 18 vilichukuliwa na ushirika wa ZNP na ZPPP, nao ndio waliounda serikali. Uhuru ukaja tarehe 10 Disemba 1963, na Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964. Wengi waliopiga kura mwaka ule walihisi kwamba hesabu ya viti haikulingana na hesabu ya watu.

Wakati huohuo palikuwapo chama kidogo cha kijamaa, Umma Party, kilichoanzishwa mwaka 1963 na Abdulrahman Mohamed Babu alipojitoa katika ZNP, ambako alikuwa Katibu Mkuu. Chama hicho hakikupata hata kiti kimoja barazani. Hata hivyo baada ya Mapinduzi kiliungana na Afro-Shirazi, na baadhi ya viongozi wake wakapata uwaziri, akiwamo Babu mwenyewe na Ali Sultan Issa, mzaliwa wa Wete. Mwaka 1972, baada ya kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume, wote wawili walitiwa ndani, wakakaa humo hadi 1978. Hapa yaonekana kuwa chama kidogo kinaweza kuwa na fikra zinazokwenda mbali kuliko kura zake. Lakini pia kwamba kikiingia madarakani bila ya kura, hakina wapiga kura wa kukitetea siku mambo yanapogeuka.

Maalim Seif alipitia njia nyingine. Mapinduzi yalipotokea alikuwa tayari kuendelea na masomo ya juu, lakini alitakiwa kufundisha. Alifundisha Skuli ya Fidel Castro huko Pemba na Chuo cha Lumumba mjini Unguja, na jina la "Maalim" likamkaa hadi mwisho wa umri wake. Mwaka 1972 alikwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1975. Akawa msaidizi wa Rais Aboud Jumbe, na mwaka 1977 akawa Waziri wa Elimu wa Zanzibar. Baadaye aliongoza idara ya uchumi na mipango ya Chama cha Mapinduzi, wakati ambapo siasa ya Ujamaa na Kujitegemea ndiyo iliyokuwa dira ya nchi.

Jumbe alipojiuzulu Januari 1984, Ali Hassan Mwinyi alishika urais wa Zanzibar, na Maalim Seif akawa Waziri Kiongozi. Bidhaa zilikuwa adimu wakati ule. Serikali hiyo ililegeza masharti ya biashara, bidhaa kutoka nje zikaingia, na madukani vitu vikaonekana tena. Mwaka 1985 jina lake lilifikishwa mbele ya vikao vya chama kutafuta nafasi ya kugombea urais wa Zanzibar, lakini nafasi ilikwenda kwa Idris Abdul Wakil. Januari 1988 aliondolewa katika Uwaziri Kiongozi. Mei mwaka huohuo alifukuzwa chama pamoja na wenzake. Mei 1989 alikamatwa, akakaa ndani zaidi ya miaka miwili, hadi mwisho wa 1991.

3. Kura 1,565

Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, Maalim Seif alikuwa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Wananchi, CUF. Uchaguzi wa kwanza wa Zanzibar chini ya utaratibu huo ulifanyika tarehe 22 Oktoba 1995, siku aliyotimiza miaka 52. Matokeo yaliyotangazwa yalikuwa haya: Dk. Salmin Amour wa CCM kura 165,271. Seif Sharif Hamad wa CUF kura 163,706. Tofauti ni kura 1,565 katika kura halali 328,977, yaani haikufika nusu ya asilimia moja. CUF ilipata viti vyote 21 vya Pemba.

CUF haikuyakubali matokeo hayo, na watazamaji kutoka nje walieleza wasiwasi wao juu ya hesabu. Serikali ikaundwa na upande mmoja tu. Wawakilishi wa CUF wakasusia Baraza, nchi wahisani zikasimamisha misaada, na baadhi ya viongozi wa CUF wakashtakiwa kwa uhaini.

Lakini hasara iliyowagusa wanaushirika ilikuwa vijijini. Huko Pemba watu walisusiana. Mwenye duka wa chama hiki hakununuliwa na watu wa chama kile. Abiria alitazama gari ni ya nani kabla ya kupanda. Kulikuwa na waliosusiana harusi, na wengine hata maziko. Mtu akifiwa, jirani wa ukuta mmoja hakuvuka kizingiti. Ushirika gani utasimama mahali ambapo watu hawazikani? Hisa, mizani na daftari vyote vinategemea jambo moja lisiloandikwa popote, nalo ni kuaminiana.

4. Miaka ya miafaka na ya machozi

Juni 1999, kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola, vyama viwili vilitia saini Muafaka wa kwanza. Mengi katika waraka ule hayakutekelezwa. Uchaguzi wa Oktoba 2000 ulivurugika katika majimbo 16, ukarudiwa huko Novemba, na CUF ikaususia. Amani Abeid Karume alitangazwa mshindi kwa kiasi cha asilimia 67, Maalim Seif asilimia 33.

Tarehe 26 na 27 Januari 2001 wafuasi wa CUF waliandamana kutaka uchaguzi mpya. Risasi zilipigwa Pemba na Unguja, watu zaidi ya thelathini wakafa, wakiwamo askari, na watu kiasi cha elfu mbili wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Haikuwa imewahi kutokea kabla ya hapo kwa Tanzania kutoa wakimbizi wa namna ile. Oktoba 2001 ukatiwa saini Muafaka wa pili.

Uchaguzi wa 2005 ulikuja na matokeo ya asilimia 53 kwa Karume na 46 kwa Maalim Seif. Kwa mara ya tatu yakakataliwa.

Wapo waliosema wakati ule kwamba mtu aliyeshindwa mara tatu angepisha wengine. Wapo waliojibu kwamba hakuna ajuaye kama alishindwa, maana hesabu yenyewe haikuaminika. Somo hili halihukumu baina ya kauli hizi mbili. Linataka wanachama waone kuwa mabishano hayo hayawezi kwisha kwa hoja baada ya kura kuhesabiwa. Huzuiwa kabla ya kura kupigwa.

5. Kilichobadilika mwaka 2010

Novemba 2009 Rais Karume na Maalim Seif walikutana ana kwa ana na kuanzisha yaliyokuja kuitwa Maridhiano. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi wa Zanzibar waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Asilimia 66.4 walisema ndiyo. Katiba ikabadilishwa ili chama kitakachoshika nafasi ya pili kitoe Makamu wa Kwanza wa Rais na kipate sehemu ya mawaziri.

Uchaguzi ulipofanyika tarehe 31 Oktoba 2010, Dk. Ali Mohamed Shein alipata kura 179,809, na Maalim Seif kura 176,338. Tofauti ilikuwa kura 3,471, yapata asilimia moja. Maalim Seif aliyakubali matokeo, na mwezi uliofuata akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Hapakuwa na risasi, wala hapakuwa na wakimbizi.

Wanachama watazame kwa makini. Mwaka 1995 mgombea alishindwa kwa chini ya nusu ya asilimia, na visiwa vikagawanyika. Mwaka 2010 mgombea yuleyule alishindwa kwa kiasi cha asilimia moja, na visiwa vikatulia. Hesabu zilikaribiana, wapiga kura walikuwa kwa sehemu kubwa walewale, na chama kilichotangazwa mshindi kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni makubaliano yaliyotangulia kura. Mwaka 1995 aliyeshindwa alipoteza kila kitu. Mwaka 2010 kila upande ulijua mapema kwamba atakayeshindwa atabaki na kiti chake katika nyumba.

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo ni ya kweli, lakini mara nyingi husomwa kwa upande mmoja, yaani hutupiwa aliyeshindwa peke yake. Mshindi naye ana wajibu wake: aache hesabu ikaguliwe, na asimfanye aliyeshindwa kuwa mgeni katika nyumba aliyosaidia kuijenga.

6. Kuvunjika tena, na chama kidogo

Makubaliano yasiyolindwa huvunjika. Uchaguzi wa 25 Oktoba 2015 ulifutwa na Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi siku tatu baada ya kura kupigwa, kabla ya matokeo yote kutangazwa. Uchaguzi wa marudio ulifanyika tarehe 20 Machi 2016. CUF iliususia, na Dk. Shein akatangazwa mshindi kwa asilimia 91. CUF ikabaki bila ya kiti hata kimoja katika Baraza la Wawakilishi, na kususiana madukani na garini kukarudi Pemba.

Kisha CUF yenyewe ikapasuka, upande mmoja kwa Profesa Ibrahim Lipumba na upande mwingine kwa Maalim Seif. Machi 2019, Mahakama Kuu ilipoutambua upande wa Lipumba, Maalim Seif alihamia ACT-Wazalendo siku ileile. Wafuasi wake waliuita uhamisho huo kwa lugha ya mabaharia: shusha tanga, pandisha tanga. Ofisi zilipakwa rangi upya na bendera zikabadilishwa.

ACT-Wazalendo kilisajiliwa mwaka 2014, na wakati ule kilikuwa na mbunge mmoja tu wa kuchaguliwa, Zitto Kabwe wa Kigoma Mjini. Ni chama kilichotangaza itikadi ya ujamaa wa kidemokrasia. Katika Azimio la Tabora la 2015 kilisema kinayahuisha mawazo ya Azimio la Arusha. Hivyo mzee wa miaka 75, aliyewahi kusimamia mipango ya uchumi ya CCM zama za Ujamaa, kisha akaongoza chama cha mrengo wa kiliberali kwa zaidi ya miaka ishirini, alimalizia safari yake katika chama kidogo cha kijamaa.

Mwaka 2020 aligombea mara ya sita. Dk. Hussein Ali Mwinyi alitangazwa mshindi kwa asilimia 76, naye akapewa asilimia 19.87. Chama chake kilipinga matokeo, na kulikuwa na vifo na watu waliokamatwa. Hata hivyo Disemba 2020 kilikubali kuingia katika Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na Maalim Seif akaapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Wafuasi wake wengine hawakuupenda uamuzi huo, wakiona kwamba damu imesahauliwa mapema. Wengine waliona kwamba mzee amechagua kuwaachia watu wake mlango ulio wazi. Alifariki dunia tarehe 17 Februari 2021 katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, akazikwa Mtambwe alikozaliwa.

7. Mafunzo kwa vyama vya ushirika

Chukua mfano wa chama cha wakulima chenye wanachama 200 waliohudhuria mkutano mkuu. Mgombea mmoja wa uenyekiti amepata kura 101, mwenziwe 99. Kwa kanuni, wa kwanza ndiye mwenyekiti. Lakini katibu akitazama ukumbini ataona kwamba watu 99, karibu nusu ya chama, hawakumtaka. Wakirudi nyumbani na kuuza mazao yao kwingine, chama kimekufa ingawa kanuni imefuatwa. Basi yafaa mambo haya yafanywe:

Kwanza, daftari la wanachama lihakikiwe na kubandikwa hadharani kabla ya mkutano. Ugomvi mwingi wa uchaguzi huanza katika swali la nani ana haki ya kupiga kura. Jina lisilostahili, au jina lililoachwa, likionekana mapema husahihishwa kwa kalamu. Likionekana baada ya kura, halisahihishiki ila kwa ugomvi.

Pili, kura zihesabiwe mbele ya wote, na kila mgombea awe na mtu wake mezani. Matokeo yaandikwe, yatiwe saini na pande zote, na yasomwe palepale kabla ya mtu kuondoka. Anayesimamia kura asiwe mgombea, wala asiwe na deni kwa mgombea.

Tatu, nafasi ya walioshindwa ikubaliwe kabla ya kura. Chama kinaweza kuweka katika kanuni zake kwamba aliyeshika nafasi ya pili awe makamu, au kwamba kamati ya usimamizi itoke katika upande uliopata kura chache, ili mwenye kushindwa awe ndiye mkaguzi wa mshindi. Makubaliano haya yaandikwe katika kanuni, yasiachwe katika hisani ya mtu mmoja. Yaliyotokea baada ya 2015 yaonyesha jinsi hisani inavyopita na wakati.

Nne, wanachama wapime vizuri kabla ya kususia. Wakati mwingine kususia ni silaha pekee aliyonayo mnyonge, na ni njia ya kusema kwamba mchezo si wa haki. Lakini asiyehudhuria hana wa kumlinda kitabuni. Anayesusa mkutano mkuu ahakikishe kwamba pingamizi lake limeandikwa, limesomwa na limewekwa katika faili, na ajue ni lini atarudi.

Tano, biashara ya chama isitiwe rangi. Duka la ushirika limuuzie kila mtu, na mizani imsomee kila mkulima sawasawa. Siku ya maziko, viongozi wa chama wawe wa kwanza kufika kwa kila mwanachama, aliyewapigia kura na asiyewapigia.

8. Maswali ya mazungumzo

1. Katika uchaguzi wa 1963, chama kilichopata kura nyingi hakikupata viti vingi. Je, katika chama chenu, je, matawi yote yanatuma wajumbe kwa uwiano wa wanachama wao?

2. Tajeni mambo mawili yaliyofanana na jambo moja lililotofautiana baina ya uchaguzi wa 1995 na wa 2010.

3. "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Ni masharti gani yanayopaswa kutimizwa kabla ya mwanachama kuambiwa maneno haya?

4. Maalim Seif alisusia mara kadhaa, na mara mbili aliingia serikalini pamoja na waliomshinda. Katika njia hizi mbili, ni ipi iliyowafaa zaidi watu wa kawaida, na kwa nini? Pande zote zisikilizwe.

5. Chama kidogo kinaweza kuwa na fikra nzuri bila ya kuwa na kura. Katika mkutano wenu, mwanachama mwenye wazo ambalo wengi hawalikubali hupewa muda wa kulieleza? Wazo lake huandikwa?

6. Someni kanuni za chama chenu. Je, zinasema nini juu ya mgombea aliyeshika nafasi ya pili? Kama hazisemi kitu, andikeni pendekezo moja, mlilete mbele ya mkutano mkuu ujao kabla ya majina ya wagombea kupokelewa.

Katibu aandike majibu ya swali la sita katika kitabu cha mihutasari, ili pendekezo lisipotee kabla ya siku ya mkutano.